Aliyeunga Kamba Huvuka Kwanza

Mwezi uliopita nilikwenda Geita kumwona binti yangu Neema, anayekaa Kalangalala. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, nilitoka kunyoosha miguu nikajikuta kwenye machimbo nje ya mji. Vijana watano walikuwa kwenye mdomo wa duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, wanampandisha mwenzao kwa winchi ya mkono. Winchi ilikuwa ya miti, imetengenezwa vizuri. Matimba ya kuzuia kuta yalipangwa kwa akili. Kamba ilikuwa ya chuma, imenunuliwa ikiwa imeshatumika, na hiyo ndiyo iliyonisimamisha.

Nilisubiri mtu atoke juu salama ndipo nikasogea. Wakaniamkia vizuri, nikaitikia, kisha nikaomba pamba.

"Pamba ya masikio, guku?" aliuliza kiongozi wao, kijana aitwaye Kulwa.

Guku kwetu ni babu. Nina miaka hamsini na mitatu, lakini mvi zimenitangulia, kwa hiyo sikumlaumu. Nikasema pamba ya aina yoyote. Mmoja akachomoa kidogo kwenye godoro la kibandani. Nikaizungushia kamba, nikaishika kwa kuilegeza, nikawaomba wazungushe winchi polepole. Pamba ikanaswa mahali pawili. Kila iliponaswa nilitia alama ya mkaa. Kulwa akanieleza kwa heshima kwamba kamba ile imeshusha watu tangu Pasaka na haijamwangusha hata mmoja. Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu hilo ndilo jibu nililompa mwalimu wangu kabla Kulwa hajazaliwa.

Duara la Kulwa nitalirudia. Kwanza niwaeleze pamba hiyo niliitoa wapi, na kwa nini naiamini kuliko macho yangu. Nawaandikia ninyi mnaoshuka chini, kwa sababu sisi tuliojua kazi hii tumebaki wachache na hatuishi milele.

Nilikuwa fundi wa kamba za chuma. Darasani niliishia la nne. Mengine niliyapata katika kitabu kimoja cha Kiingereza kuhusu kamba na makapi, yaani magurudumu ya kupitishia kamba, nilichokisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa wiki, hadi nikakimaliza. Lakini kitabu kile hakikutaja pamba. Pamba ilikuwa ya Mzee Ng'wandu.

Mzee Ng'wandu alikuwa mkubwa wa kamba katika mgodi wa Geita kabla haujafungwa. Hakujua kusoma. Ndani ya kofia yake palikuwa na pamba kutoka shamba la mkewe, na kila asubuhi, kabla zamu ya kwanza haijashuka, aliipitisha kwenye kamba yote ya winchi kubwa. Mimi nilikuwa napitisha kiganja, tena kwa haraka. Asubuhi moja nikatangaza kwamba kamba ni nzima. Mzee akapita nyuma yangu na pamba yake, ikabaki inaning'inia kwenye uzi mmoja uliokatika, mwembamba hata nilishindwa kuuona mpaka alipoinua pamba juu kidogo. Nikajitetea kwamba kamba ile imeshusha watu mwaka mzima.

"Ng'wanangu," akasema, "kamba haikatiki siku inapoanza kukatika."

Alikuwa na masharti mengi, mengine ya ajabu. Hakuruhusu mtu aunge kamba akiwa amegombana nyumbani. Lakini mawili aliyarudia kila siku. La kwanza, kamba isiyo na grisi ni mgonjwa. Kamba ya chuma ina makundi sita ya nyuzi yaliyozunguka moyo wa katani. Ule moyo ukikauka, kamba hupata kutu kwa ndani huku nje inang'aa. Kwa hiyo pakeni grisi, tena ya moto, iingie mpaka moyoni. La pili, aliyeunga kamba ndiye anayeipanda kwanza. Alisema hakuna mke wa mtu atakayekopesha mume wake kwa ajili ya kujaribu kazi yako.

Kuunga nako niwaambie kidogo, maana nimeona mnafunga mafundo, na fundo kwenye kamba ya chuma ni kaburi. Unafungua yale makundi sita kutoka kila ncha, urefu wa hatua kadhaa, usione uchungu wa kuharibu kamba. Unakata moyo wa katani. Kisha kundi la upande huu linaingia mahali lilipotoka kundi la upande ule, moja baada ya jingine, na miisho unaificha ndani pale ulipokuwa moyo. Ukifanya vizuri, unene haubadiliki na kapi linapita bila kujua kwamba palikatika. Ukifanya vibaya, kapi litakuambia.

Mgodi ulipofungwa, wengi tulirudi kulima. Mimi nilirudi kwetu Shinyanga, nikawa nalima pamba na kurekebisha baiskeli. Haukupita muda, wakaja watu wawili wa serikali wanatafuta waliojua kamba. Walisema kuna kazi kusini, haina mshahara mkubwa na haina maswali mengi. Nilikwenda na Petro, niliyefanya naye kazi mgodini, Msumbwa wa karibu na Runzewe, Mkatoliki wa kufunga na kusali, mtoto wa mrina asali. Tukapakiwa kwenye lori pamoja na winchi ya mkono na gurudumu kubwa lililoviringishiwa kamba ya zamani ya mgodi. Tukasafiri mpaka nikaacha kuhesabu madaraja.

Tulifika Mto Ruvuma mvua zikiwa zimeanza. Ninyi wa Shinyanga mnajua mito yetu: sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga, na mwenye kiu anachimba. Kule nikakuta maji ya kahawia yanayokwenda kwa nguvu, na mti mzima unapita katikati kama abiria. Sikujua kuogelea. Petro naye hakujua, ila aliniwahi kwa utani.

"Msukuma," akasema, "mto umeuona. Sasa utaanza kuoga?"

Kamanda wa wapigania uhuru wa Msumbiji upande wetu wa mto alikuwa mtu mpole, mwembamba, aliyewahi kuwa mwalimu. Alituchorea mambo yote mchangani kwa kijiti. Ng'ambo, alisema, ndiko vita iliko. Huku ndiko ghala, hospitali na shule. Kila risasi, kila jembe, kila kilo ya chumvi lazima ipite majini, na kila majeruhi lazima apite majini kurudi. Kiangazi mto hupungua, watu huvuka kwa miguu kwenye mchanga, lakini ndege za Wareno zinawaona. Masika mawingu huzificha njia, lakini mto hujaa na mitumbwi hupinduka. Wareno walilijua hilo. Wakawa wanangoja masika ndipo washambulie ndani, wakijua wenzetu kule hawana dawa wala risasi.

"Kila masika vita yetu inafungwa kama duka," akasema. "Nataka mnifungulie."

Mpango ulikuwa huu. Kamba ifungwe kwenye mti mkubwa upande wetu, na ng'ambo ifungwe kwenye gogo lililozikwa. Chelezo cha mapipa kifungwe kwenye kapi linalotembea juu ya kamba, kikae mshazari ili nguvu ya mkondo ikisukume kwenda ng'ambo. Ukitaka kurudi unageuza mshazari. Maji yenyewe ndiyo injini, na injini hiyo haipigi kelele. Jua likiwaka, tunailegeza kamba ilale chini ya mto, hakuna rubani atakayeiona. Wingu likifunga na mvua ikinyesha, ndege haziruki, tunaikaza kwa winchi na kuvuka mchana kweupe. Mvua iliyokuwa adui ikawa mwavuli.

Kazi ilikwenda vizuri kwa wiki kadhaa. Mimi, mwanafunzi mwema wa Mzee Ng'wandu, kila jioni niliipaka kamba grisi ya moto, nyingi, kwa moyo mkunjufu.

Asubuhi moja ya jua ndege zikaja. Hazikutafuta. Zilikuja moja kwa moja kama mtu anayejua mlango, zikapiga kivuko chetu na kuondoka. Kwa rehema za Mungu hatukupoteza mtu, lakini chelezo kilipasuka na kamba ikakatika upande wetu.

Baada ya hapo kila mtu akawa anamtazama mwenzake. Nani amesema? Na macho yakamwangukia Petro, kwa sababu Petro alikuwa na tabia ya kuingia msituni peke yake jioni na kurudi usiku umeingia. Alisema anafuata nyuki, na kweli alileta asali, lakini mtu anayeshukiwa hata asali yake huonekana ina sababu. Wakamwekea mlinzi. Hakulalamika. Alikaa mbele ya kibanda anatafuna masega, anatema nta kwenye kopo.

Wakati huohuo barua ikaletwa na mpiga kasia hodari kutoka ng'ambo. Iliandikwa na muuguzi aitwaye Rosa. Alikuwa na majeruhi kumi na wanne ng'ambo, dawa zimekwisha, na Wareno wanasogea. Mwezi uliotangulia aliwahi kupakia wanne kwenye mtumbwi, ukapinduka mbele ya macho yake. Kamanda alitusomea sentensi ya mwisho polepole: "Siwapakii tena wagonjwa kwenye kitu ambacho hakuna mtu aliyekipanda."

Mchana ule nilikwenda mtoni kuitazama kamba. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka. Nikaona juu ya maji, kuanzia pale kamba ilipozama, utepe mwembamba wa rangi: zambarau, kijani, manjano. Ulikuwa mzuri sana. Nikaufuata kwa macho unavyokwenda na mkondo mpaka kwenye kona, na nikakumbuka kwamba mbele ya kona hiyo, mwendo wa nusu siku, Wareno wana kituo chao ukingoni.

Nikavuta kipande cha kamba kilichobaki, nikapitisha pamba. Ikatoka nyeusi, imejaa mchanga. Grisi yangu ilikuwa imefanya mambo mawili: imeshika mchanga wa mto ukawa unaisaga kamba kwa ndani, na imeelea na kuandika juu ya maji, kila siku ya jua, kwamba tupo hapa. Mgodini kamba inaning'inia hewani. Nilikuwa nimelichukua sharti la hewani nikalizamisha majini bila kuliuliza swali.

Kutoka ukingoni hadi kwa Kamanda ni hatua mia mbili. Nilitembea polepole, nakiri. Nikamwambia msaliti si Petro, ni mimi na grisi yangu. Nikampeleka akaona ule utepe kwa macho yake.

"Basi mwondoe huyo msaliti mtoni, fundi," akasema. "Nina watu kumi na wanne ng'ambo."

Tatizo lilikuwa hili: bila mafuta, kamba ile nzee ingekufa kwa kutu kabla ya masika kwisha, na kwa mafuta, ingetuua sisi. Nilipomweleza Petro, hakusema lolote kuhusu mlinzi wala siku tatu alizolindwa. Alinionyesha kopo lake. Kwao, akasema, baba yake hupaka nta kamba za kupandishia mizinga mtini. Hukaa mvuani miaka, haziozi, na mchanga haushiki. Akaongeza kwamba Wasumbwa wamekuwa wakiyajua haya siku nyingi, ila Wasukuma hawajawahi kuuliza kwa sababu wanahesabu ng'ombe.

Tulifanya kazi siku nne mfululizo. Tuliosha kamba kwa mafuta ya taa kwenye pipa lililopasuliwa, na uchafu wote tukaufukia shimoni mbali na mto. Tukaichemsha kwa maji ya majivu. Petro akaingia msituni na watu sita, safari hii hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi, wakarudi na masega ya mizinga mingi. Tukayeyusha nta, tukapitisha kamba yote ndani yake kidogo kidogo. Yule mlinzi wa Petro alibadilishiwa kazi, akawa mchochea moto wa nta, na Petro alimchunga kwa makini kuliko alivyochungwa yeye.

Kisha nikapitisha pamba. Ilinaswa mahali pamoja, karibu na katikati, pale mchanga ulipokuwa umesaga. Nikakata. Nikaunga kwa muda wa siku nzima, sikuongea na mtu, na kila mwisho niliouficha niliugonga kwa nyundo ya mbao mpaka nikaridhika, kisha nikaugonga tena.

Tulihamia kona mbili juu ya mto, penye miamba. Mpiga kasia akavuka na kamba nyembamba ya katani, watu wa Rosa wakaivuta, na kamba yetu ikafuata nyuma yake. Wakazika gogo. Tukangoja mvua. Ilikuja kesho yake saa nane mchana, nzito, wingu limekaa juu ya miti. Tukakaza winchi.

Kamanda akauliza nani atakwenda kwanza kujaribu. Waogeleaji wawili wakajitokeza. Nikasema hapana, ni mimi. Akaniuliza kama najua kuogelea. Nikamjibu kwamba nimeunga kamba, na hayo mawili hayahusiani.

Petro alinisaidia kupanda. "Msukuma," akasema, "leo utaoga kwa namna yoyote. Mungu akutangulie." Akanifanyia ishara ya msalaba, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilikaa katikati ya chelezo, nimeshika mbao kwa mikono miwili, nikatazama kapi tu. Kapi lilikuwa linasogea kuelekea mahali nilipounga. Wakati huo gogo likaja kutoka juu, likaipiga kamba, na kamba yote ikalia kama waya wa simu wakati wa upepo. Chelezo kikainama, maji yakanifika kiunoni. Kisha gogo likapita chini, kamba ikanyooka, na kapi likapita juu ya maungio yangu. Halikutikisika. Halikujua kwamba palikatika. Nilimwita Mzee Ng'wandu kwa jina, kwa sauti, peke yangu katikati ya mto.

Ng'ambo nilimkuta mwanamke mfupi, amesimama mvuani mbele ya machela kumi na nne zilizopangwa mstari chini ya miti. Hakunipa mkono.

"Nani ameunga hii kamba?"

"Mimi, dada."

"Na umekuja nayo mwenyewe?"

"Ndilo sharti letu."

Akanitazama nilivyolowa mpaka kiunoni, miguu inatetemeka. Nadhani kutetemeka ndiko kulikomshawishi, maana mtu asiyejua hatari si shahidi. Akageuka kwa watu wake akasema, "Pakieni."

Tulivuka mara tano. Safari ya mwisho Rosa alipanda yeye mwenyewe na mgonjwa mmoja, kijana aliyekuwa amepoteza mguu na aliyeuliza njia nzima kama upande wetu kuna mpira wa miguu. Tulipogusa ukingo mvua ilikatika na jua likatoka ghafla. Kila mtu alikimbilia machela. Mimi nilirudi ukingoni kutazama maji nyuma ya kamba. Yalikuwa ya kahawia, matope matupu, hayana rangi nyingine yoyote.

Kamba ile ilifanya kazi masika yote yaliyobaki, na masika yaliyofuata, na duka halikufungwa tena. Siku Wareno walipoondoka Msumbiji nilikuwa nimeshaajiriwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Shinyanga. Nilisikia kwenye redio ya mlinzi wa geti. Niliingia ndani, nikachukua kitonge cha pamba, nikaenda kukagua kamba ya winchi ya marobota, ambayo haikuwa zamu yangu. Petro alinitumia debe la asali kutoka Runzewe, na ujumbe kwamba kama bado sijajifunza kuogelea, ninywe.

Sasa duara la Kulwa. Nilipowaeleza haya wakaniuliza kama naweza kuwaunganishia. Nilikaa Geita siku mbili zaidi, Neema akanisema sana. Mahali pa kwanza niliunga mimi, nao wakitazama. Nilipomaliza nilivua viatu, nikakaa kwenye ubao, nikawaambia wanishushe. Walikataa, nikawaeleza sharti, wakanishusha. Chini kuna joto na mnachimba vizuri, ila timba la tatu kutoka chini libadilisheni.

Mahali pa pili aliunga Kulwa. Mimi nilishika taa na kufunga mdomo, kazi iliyokuwa ngumu zaidi. Alirudia mara tatu. Alipomaliza, wenzake walinitazama mimi, wakidhani nitakwenda tena kwenye ubao. Nilibaki nimekaa.

Kulwa hakuambiwa kitu. Alichukua pamba kutoka mfukoni, akaipitisha kwenye kamba yote, mwanzo hadi mwisho, polepole. Akaitazama: nyeupe. Akavua viatu, akakaa kwenye ubao.

Mimi nikainuka, nikashika mkono wa winchi.